Akiba ya Waya

Kusini mwa ziwa Maracaibo radi haibishi hodi.
Saa tatu usiku huanza kuwaka kule mbali, bila ngurumo,
kama mtu anayechomelea geti hadi alfajiri,
na ng'ombe wa Doña Eudoxia hawageuzi hata shingo.

Kilichoshtuka Jumanne ni tangi la maziwa.
Lita mia tisa. Asubuhi harufu ilifika barabarani,
kompresa imekufa,
na kidude cha kinga ukutani
bado kimewasha taa yake ya kijani,
mlinzi aliyelala macho wazi.

"Babako ndiye aliyekifunga," akaniambia.
Hakunilaumu. Alisema tu, huku akikamua kitambaa cha jibini.

Nafungua kabati. Naijua kazi hii kabla ya kuisoma:
skrubu zote zinatazama upande mmoja,
maandishi ya penseli, saba yenye mkato kiunoni,
na nyaya (ah, mzee Nerio!)
mita moja na robo kila mmoja,
zimeviringwa mizunguko minne, zikafungwa utepe,
nadhifu kama nywele za bibi harusi.
Akiba haiozi, ulikuwa ukisema.
Kabati likihamishwa kesho, waya tutautoa wapi?

Baba, umeme wa kila siku ni mpole,
hupinda kona, hufuata utepe, husubiri.
Radi haina subira.
Kila mita ya waya huipandishia volti elfu, pungufu au zaidi,
na kila mzunguko ni ngazi nyingine mbele ya mlango.
Ilifika, ikatazama zile ngazi zako nzuri,
ikaona dirisha la kompresa liko wazi.

"Basi weka waya mnene," anasema Doña Eudoxia,
"mnene kama kidole gumba."
Kwetu namba ikishuka waya hunenepa;
karatasi ya kiwanda inataka namba kumi, nami nampa kumi.
Unene unasaidia kidogo, namwambia.
Kinachookoa ni ufupi.

"Na breka? Weka ya sitini, isichoke."
Hapana, mama. Breka hailindi kinga; inalinda waya
siku kinga yenyewe itakapokufa,
maana haifi kwa kishindo kila mara,
huweza kuvimba polepole, ikaungana ndani kwa ndani,
na hapo waya wa namba kumi hugeuka kaa la moto
ukisubiri sitini iamke.
Ya kumi na tano nayo ingeruka kwa mmweko wa kwanza,
ukalala uchi usiku kucha ukidhani umejifunika.
Thelathini. Imeandikwa. Sikuibuni.

Naihamisha breka ya pampu tundu mbili chini,
ya kinga naipandisha juu, jirani kabisa na mlango wake.
Naunyoosha waya kwenye paja, napima kwa shibiri.
Shibiri moja. Hakuna kona, hakuna utepe.
Wa athi vivyo hivyo, moja kwa moja kwenye baa.

Kisha koleo.
Nilikaa nalo mkononi muda, siufichi.
Ule utepe ulikuwa na alama ya kidole chake, vumbi la chokaa,
na mtu aliyeniambia waya ni fedha, usikate ovyo,
yuko makaburini Santa Bárbara tangu Februari.

Kacha.

Doña Eudoxia akageuka kutazama tangi tupu.
Kazi mbaya ingekuwa rahisi kuikata.

Jioni, mmweko wa kwanza ulipopasua mawingu
nilikuwa bado uani nafunga sanduku la vifaa.
Taa ya kijani ilibaki kijani.
Hilo si ushahidi wa kitu, hata jana ilikuwa kijani.
Tutajua maziwa yatakapokuja.

Yale mabaki sikuyatupa.
Yamo kwenye mfuko wa ovaroli, yananichoma nyonga,
bado yamejikunja yalivyozoea,
nikiyanyoosha, yanarudi.